Orville Hubbard wa Dearborn: meya aliyefagia theluji na kufunga mlango

Katika mafunzo ya sendika kuna hadithi moja tunayoipenda kupita zingine: ginsi wafanyakazi wa Ford, kule Marekani, walivyomlazimisha tajiri Henry Ford kutia sahihi kontra na sendika yao mwaka 1941. Tumeisikia mara mingi, na sisi wenyewe tumeisimulia kwa vijana wanaoingia kazini. Kila mara inaishia pale pale. Kalamu inashuka kwenye karatasi, watu wanapiga makofi, tunaenda kunywa chai.

Juzi tu njo tulianza kujiuliza: halafu? Kesho yake asubuhi wale wafanyakazi walitoka kulala wapi? Nani alikuwa meya wa mji ule wenye lizini? Jibu lina jina. Anaitwa Orville Hubbard, meya wa Dearborn kwa miaka 36, kuanzia Januari 1942 mpaka Januari 1978. Kama tunaandika habari yake katika gazeti hili, ni juu ya barua moja iliyo kwenye meza ya buro yetu. Tutaifikia. Kwanza tumfahamu bwana huyu.

Mji wa Ford

Dearborn ni mji wa pembezoni, katika jimbo la Michigan, umeshikana na Detroit kama komini mbili zinavyoshikana hapa kwetu: unavuka barabara moja, tayari uko kwa wengine. Henry Ford alizaliwa sehemu zile mwaka 1863, mtoto wa mkulima. Alipokuwa tajiri alirudi kujenga pale, kando ya mto Rouge, lizini kubwa sana. Sisi watu wa mine tunaweza kuielewa vizuri kuliko wengine. Upande mmoja meli zinamwaga mawe ya chuma na makaa, upande mwingine magari yanatoka yakiwa na maji ya rangi bado. Katikati kuna tanuru, foundry, mashine za kukunja chuma, kiwanda cha vioo, mtambo wa umeme. Ford alikuwa hata na mine zake mwenyewe za chuma kaskazini mwa Michigan. Mwisho wa miaka ya 1920 watu zaidi ya 100,000 walifanya kazi ndani ya ukuta ule.

Na sendika hakutaka kuisikia. Tarehe 7 Machi 1932, wakati wa njaa kubwa, maelfu ya watu waliofukuzwa kazi walitembea kutoka Detroit kwenda kwenye geti la Rouge kuomba kazi na msaada. Polisi wa Dearborn na walinzi wa Ford waliwapiga risasi. Wanne walikufa pale, na wa tano akafa baadaye. Mwaka 1937, Walter Reuther na wenzake wa sendika ya UAW walifika kugawa makaratasi kwenye daraja la waenda kwa miguu mbele ya geti. Wanaume wa Ford waliwapiga mpaka damu mbele ya wapiga picha wa magazeti. Ford alivumilia miaka mine tena. Aprili 1941 mgomo ulifunga Rouge, na mwezi wa sita kontra ikatiwa sahihi.

Kontra ile ilikuwa nzuri, tena nzuri kupita zile za General Motors na Chrysler. Kila mfanyakazi aliingia katika sendika, na kompani yenyewe ilikata mchango kwenye mshahara. Kati ya waliojadiliana na kompani alikuwa Shelton Tappes, mtu mweusi wa foundry. Ndani ya kontra kulikuwa na kifungu kinachokataza kubagua mtu juu ya rangi. Tunaomba msomaji akishike kifungu hiki.

Juu ya nini Tappes alikuwa wa foundry? Kwa sababu watu weusi wengi wa Rouge waliwekwa pale, kwenye moto na moshi. Ford alikuwa anaajiri weusi kuliko matajiri wengine wa magari, hilo ni kweli, na walifika karibu mtu mmoja kwa kila kumi pale Rouge. Lakini kazi ilipoisha, mzungu aliweza kwenda kwa miguu mpaka nyumbani Dearborn. Mweusi alipanda basi kurudi Detroit upande wa mashariki, ao Inkster upande wa magharibi. Dearborn iko katikati. Aliivuka asubuhi, akaivuka tena jioni. Kulala pale, hapana.

Wazee wetu hawahitaji mtu wa kuwaeleza mambo haya. Elisabethville ilikuwa na mji wa wazungu na mji wa weusi, kati yao kipande cha ardhi kilichoachwa tupu makusudi, na usiku mtu mweusi bila karatasi alikamatwa. Mwaka ule ule 1941, tarehe 9 Desemba, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Lubumbashi, na askari wakawafyatulia risasi. Makumi walikufa, pamoja na kiongozi wao Léonard Mpoyi. Mwezi mmoja tu kabla, Novemba 1941, wapiga kura wa Dearborn walikuwa wamemchagua Hubbard.

Mtu aliyeshindwa mara mingi

Orville Liscum Hubbard alizaliwa mwaka 1903 katika shamba karibu na Union City, Michigan. Alikuwa askari wa majini. Baadaye alisoma sheria huko Detroit, akapata diploma mwaka 1932. Katika miaka ile ya njaa aligombea vyeo mbalimbali, umeya na vingine, na alishindwa kila mara. Watu walimzoea kama mtu wa kuchekesha. Mwanaume mnene sana, tai ya kipepeo shingoni, maneno hayaishi mdomoni. Aliposhinda mwisho, alikuwa amejifunza jambo moja ambalo wanasiasa wetu wengi hawajalijua mpaka leo: mpiga kura anakumbuka takataka kuliko hotuba.

Hapa tusimsengenye. Bwana huyu alifanya kazi. Dearborn ina baridi kali, na theluji inaanguka mpaka magari yanazama. Katika miji mingine watu walingoja siku mbili ama tatu. Katika Dearborn, mashine za mji zilitoka usiku ule ule, na asubuhi mfanyakazi wa zamu ya kwanza alikuta njia iko wazi. Takataka ziliondolewa kwa saa. Mabwawa ya kuogelea yalijengwa kartye kwa kartye. Miaka ya 1940 mji ulinunua ardhi huko Milford, nje kabisa ya Dearborn, zaidi ya hekta 240 zenye maziwa na miti, ukaifanya Camp Dearborn: familia ya mfanyakazi inapiga hema, watoto wanaogelea, wazee wanavua samaki. Miaka ya 1960 mji ukanunua hata jengo la ghorofa huko Florida, mahali pa joto, ili wastaafu wake wapange vyumba kwa bei ndogo wakati wa baridi.

Mstaafu wa mine anayesoma hapa, aliyepanga mstari miezi na miezi kungoja pesa zake, tunajua anawaza nini. Mji unaonunua jengo kando ya bahari kwa ajili ya wastaafu! Sisi pia tulitoa macho.

Pesa zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kwa Ford, kwa kodi ya lizini. Mwenye nyumba alilipa kidogo na akapata mingi. Na lizini ile ilitengenezwa na mikono ya watu wote waliofanya kazi pale, pamoja na wale wa foundry waliovuka mji kwa basi. Jasho lao lilijaza mabwawa ya kuogelea ambayo watoto wao hawakuweza kuingia.

Vituko vyake vilikuwa vingi. Mwanzo wa miaka ya 1950, tribinali ilimwamuru amlipe mtu mmoja aliyemchafulia jina. Hubbard alikataa. Ili asikamatwe alivuka mto mpaka Windsor, upande wa Kanada, na akawa anaongoza Dearborn kutoka kule, serikali ya uhamishoni kabisa. Wapinzani wakajaribu kumtoa kwa kura, hawakuweza. Watu walicheka, na waliocheka walimpigia kura tena. Tumeona hapa kwetu pia ginsi kicheko kinavyomlinda mukubwa.

Kadi mlangoni

Wakati wa vita vya pili serikali ya Washington ilitafuta mahali pa kujenga nyumba za wafanyakazi weusi waliofurika katika viwanda vya silaha. Hubbard alikataa zisijengwe Dearborn. Alisema makao ya weusi ni shauri la Detroit. Kazi ya weusi, kumbe, ilikuwa ni shauri la Dearborn.

Mwaka 1948 mambo yalikuwa wazi zaidi. Kompani ya bima ya John Hancock ilitaka kujenga nyumba za kupangisha katika ardhi ya Ford ndani ya mji. Hakuna mahali ilipoandikwa kwamba nyumba zile ni za weusi. Lakini Hubbard alijua neno la kutumia. Watu wa mji wakaulizwa maoni yao kwa kura, na siku ile watumishi wa meri walikuwa wanagawa kadi zenye maneno ya kuwaambia wakaaji wawazuie weusi wasiingie Dearborn, wapige kura ya hapana. Hapana ikashinda. Nyumba hazikujengwa. Na tusisahau kwamba nyumba za kupanga zingewafaa pia wazungu maskini, vijana waliotoka vitani na kuoa. Hao nao walibaki bila nyumba. Woga uliopandwa juu ya jirani mweusi uliwanyima wazungu wenyewe kitu walichokihitaji, na walipiga makofi.

Mwaka 1956, wakati weusi wa Montgomery, Alabama, walikuwa wanasusia mabasi, mwandishi wa gazeti la Montgomery alikwenda kuzungumza na Hubbard. Meya hakuficha. Alijisifu kwamba yeye ni wa ubaguzi kamili, na kwamba wakisikia mtu mweusi anahamia wanafika haraka kuliko wanavyokwenda kuzima moto. Hayo si maneno ya kusini, kwenye mashamba ya pamba. Ni ya kaskazini, katika mji wa lizini, wa sendika, wa watu waliovaa beji ya UAW kwenye kofia. Na sheria ya mji haikuandika popote kwamba mweusi haruhusiwi. Haikuhitaji. Walioandika juu ya maisha yake wanaeleza kwamba familia iliyojaribu kuingia iligongewa mlango na polisi na wazima moto mara kwa mara, wakisema wameitwa, mpaka ichoke iondoke. Magari ya mji yalikuwa yameandikwa kauli ya kuomba watu waiweke Dearborn safi. Kila mtu alijua neno safi lilikuwa na maana ngapi.

Sikukuu ya wafanyakazi

Tunafika mahali panapotuuma sisi wa sendika.

Tarehe 28 Agosti 1963, watu zaidi ya 200,000 walikusanyika Washington kudai kazi na uhuru. Martin Luther King alisema pale. Walter Reuther, yule yule aliyepigwa mbele ya geti la Ford, sasa rais wa UAW, alisema pale pia. Sendika ilipeleka watu wake kwa wingi. Ni siku ya kujivunia.

Siku tano baadaye, Jumatatu, ilikuwa sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani. Katika njia moja ya Dearborn inayoitwa Kendal, watu waliona wanaume weusi wakiingiza vitu katika nyumba. Habari ikaruka kwamba nyumba imeuzwa kwa mweusi. Hawakuwa wanunuzi. Walikuwa wanasaidia kuhamisha vitu, na mpangaji aliyekuwa anaingia alikuwa mzungu. Kundi likakusanyika, likawa la mamia. Wakatupa mawe na mayai, wakavunja vioo, na polisi wa mji walisimama wakitazama. Serikali ya shirikisho ilimshitaki Hubbard kwamba alishiriki kunyima watu haki zao. Mwaka 1965 jopo la tribinali likasema hana kosa, akarudi kwenye kiti chake.

Tulizungumza sana jambo hili kati yetu. Mmoja wetu, delege wa miaka mingi, alisema: wale waliotupa mawe hawakuwa wa sendika. Mwingine akamjibu: katika mji ule, mzee, nani hakuwa wa sendika? Hatuna orodha ya waliokuwa kwenye njia ya Kendal. Lakini hesabu ya kura hatuwezi kuikimbia. Hubbard alichaguliwa mara 15, na mji wake ulikuwa mji wa wafanyakazi. Mtu yule yule aliyelipa mchango wa UAW kila mwezi, aliyesimama kwenye mgomo pamoja na mwenzake wa foundry, alitoka kwenye geti, akapita karibu na basi la Inkster, akaenda kumpigia kura Hubbard. Kifungu kile cha kontra kilifanya kazi mpaka getini. Nje ya geti hakikuwa na mguu.

Viongozi wa juu wa sendika walipinga ubaguzi, walisema, waliandika, walitembea. Tunafikiri kasoro haikuwa hotuba. Mfanyakazi mzungu alikuwa na nyumba, ya kwanza katika ukoo wake, yenye deni la miaka mingi, na alikuwa ameambiwa kwamba mweusi mmoja akiingia katika njia ile bei ya nyumba inaanguka. Meya alimpa jibu kila siku: theluji imefagiwa, mlango umefungwa. Sendika ilimpa jibu mara moja kwa mwaka, kwenye kongamano.

Wakaaji wa chini ya moshi

Hubbard hakuwachukia weusi peke yao. Upande wa kusini wa Dearborn, pale pale chini ya moshi wa Rouge, kulikuwa na kartye ya wahamiaji. Kwanza Waitaliani, Waromania na wengine kutoka Ulaya, halafu, zaidi na zaidi, Waarabu wa Lebanon, Yemen na Palestina waliokuja kufanya kazi Ford. Walikuwa na msikiti wao, maduka yao ya kahawa, na walikwenda kazini kwa miguu.

Miaka ya 1960 mji ulianza kutaka ardhi ile iwe ya viwanda. Hawakuleta tingatinga siku moja. Walinunua nyumba moja moja na kuzibomoa, wakaacha mashimo kati ya majirani. Mwenye nyumba akiomba ruhusa ya kutengeneza paa ao kuongeza chumba, ananyimwa. Akitaka kuuza, anawekewa masharti mpaka mnunuzi anakimbia na mji unabaki mnunuzi peke yake, kwa bei yake. Ndugu zetu waliohamishwa kupisha shimo la mine wanaijua kazi hii. Hawakufukuzi. Wanakuchosha.

Lakini wakaaji wale walijikusanya, wakatafuta avoka, wakaishitaki meri ya Hubbard. Mwaka 1973 hakimu wa shirikisho alisema kwamba mji umewavunjia haki katika mali zao. Kartye ilibaki. Imepungua, ina moshi, lakini iko.

Mwaka uliofuata, 1974, Hubbard alipata kiharusi. Alibaki meya kwa jina mpaka mwanzo wa 1978, wengine wakifanya kazi. Alikufa Desemba 1982. Hesabu ya watu ya 1970 ilikuta Dearborn watu zaidi ya 104,000, na weusi hata mia moja hawakufika, wakati Detroit, upande wa pili wa barabara, ilikuwa na mamia ya maelfu.

Mlango haukufunguka kwa kifo chake. Mwaka 1985 wapiga kura wa Dearborn walikubali sheria ya kuwazuia wasio wakaaji wasiingie katika bustani nyingi za mji. Weusi wa Detroit walijua inawalenga nani, wakasusia maduka ya Dearborn, na tribinali ikaivunja sheria ile. Katika kampeni ya mwaka huo huo, mtu aliyeshinda umeya aligawa karatasi iliyozungumza juu ya tatizo la Waarabu. Mwaka 1989 wakamsimamishia Hubbard sanamu ya shaba mbele ya meri, mkono umeinuliwa kama anayesalimu majirani. Ubao wa historia pale ulimsifu juu ya takataka, theluji, Florida na Camp Dearborn. Watu weusi hawakutajwa. Mwaka 2015 sanamu iliondolewa mbele ya meri, ikapelekwa kwenye makumbusho ya mji. Mwaka 2020, baada ya George Floyd kuuawa na polisi huko Minneapolis, ikaondolewa hata pale.

Na wale wa kartye ya kusini, waliochoshwa wasichoke? Watoto wao walisambaa katika mji mzima. Leo zaidi ya nusu ya wakaaji wa Dearborn wana asili ya Kiarabu ama Mashariki ya Kati. Novemba 2021 walimchagua Abdullah Hammoud, mtoto wa wahamiaji wa Lebanon, aliyezaliwa mwaka 1990. Anakaa kwenye cheo cha Hubbard, na bado anatakiwa kufagia theluji.

Ile barua

Sasa barua. Vijana wa kartye inayozunguka mine yetu waliileta mwezi uliopita, wameikunja vizuri, na majina chini. Wanaomba sendika itie sahihi pamoja nao, ili kazi zote mpya, pamoja na faida ya maji, shule na dispensari zinazojengwa kwa pesa ya mine, ziwe za watoto wa hapa. Chini ya maneno hayo kuna mstari mmoja unaoeleza nani si mtoto wa hapa. Hatutauandika.

Hasira yao ina sababu. Tangu Kode ya mine ilivyorekebishwa mwaka 2018, asilimia 15 ya redevance inatakiwa kufika moja kwa moja kwa komini, sekta ama shefferi yenye mine, na asilimia 25 kwa jimbo. Kijana anasikia hesabu hizi kwenye radio, anaangalia njia ya nyumbani kwao, anaona vumbi. Anaona basi la kompani linaleta watu asiowajua. Ni nani atamwambia akae kimya?

Lakini sisi tulio na miaka arobaini na kitu tulikuwa watoto mwaka 1992 na 1993. Tulikuwa darasani wakati majirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao, Likasi na Kolwezi. Tuliwaona wamejaa kwenye gare, na masufuria, na magodoro, wiki kwa wiki wakingoja treni, watoto wakifa pale. Wengine kati yao baba yao alizaliwa Katanga, alifanya kazi miaka thelathini kwenye tanuru moja na baba zetu. Wakati ule pia walioongoza walisema ni juu ya kazi na nyumba. Tuliona wanaume waliokula posho pamoja wakionyeshana kwa kidole. Baba wa mmoja wetu alinunua kitanda cha jirani kwa bei ya bure, na alikilalia mpaka kufa. Kitanda kile kingali katika nyumba.

Tulimsoma Hubbard tukiwa na barua hii mkononi. Kama vijana wangeandika paka kwamba kompani iajiri watu wanaoishi karibu, itangaze kazi wazi, na redevance ionyeshwe franga kwa franga, tungetia sahihi siku ile ile, kwa wino mzito. Tumewaambia hivyo. Wakauliza: na ule mstari mmoja, unawasumbua nini? Kuna watu gani pale mnaowalinda?

Kamati yetu ina watu tisa. Watatu walizaliwa mbali, na mmoja wa wale watatu njo anaandika ripoti za mikutano, kwa sababu mwandiko wake ni mzuri kuliko wetu wote. Barua aliisoma yeye kwa sauti, mbele yetu, mpaka mwisho, pamoja na ule mstari. Akaikunja, akaiweka juu ya meza, akauliza kama tunaendelea na jambo linalofuata.

Tunakutana tena siku ya posho, saa tatu asubuhi. Vijana wamesema watakuja.